Nilimchongea mwenzangu nipate maziwa yake na sufuria yake ya kuyeyushia risasi Kakuma

Wakuu, ejok, yaani habari zenu.

Naandika kwa kidole kimoja, mtanivumilia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nilikuwa yadi ya betri kuukuu za sola Kakuma. Mimi na Ekai, jamaa wa Kalemng'orok niliyeanza naye kazi siku moja, tulikuwa tunapasua betri juani. Baadaye bosi akamhamishia kibandani, ayeyushe risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, kwenye sufuria.

Wivu ulinikaba. Kivuli apate yeye, na kila mchana aletewe pakiti mbili za maziwa, eti yanaosha moshi wa risasi tumboni. Mimi nakunywa maji ya jerikeni yaliyochemka kwa jua. Nilichukia hata alivyokuwa anafuta mdomo.

Nikamchongea. Nikamwambia bosi kwamba Ekai anaiba risasi. Uongo mtupu. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, akaenda Lodwar kufuga mbuzi.

Sufuria ikawa yangu, na maziwa pia. Miaka minne, bila glavu wala barakoa. Chapati nakula na mikono hiyo hiyo, si maziwa yapo?

Tumbo likaanza kunikata, choo siku tano hakuna. Nikalaumu maharagwe. Kisha kichwa, kisha kusahau majina ya watu. Mwisho mkono wa kulia ukalegea kwenye kifundo, kijiko kikawa kinaniponyoka.

Hospitalini Lodwar daktari aliuliza kwanza nafanya kazi gani. Damu ikapimwa, ikakutwa na risasi nyingi. Nikajitetea kwamba maziwa sikukosa hata siku moja.

"Maziwa ni chakula, ndugu," akasema. "Hayatoi risasi."

Sasa niko Nawoitorong, nje kidogo ya Lodwar, kwa dada yangu. Ekai alisikia, akaja na maziwa ya mbuzi wake. Akaona kikombe kinanishinda, akakishika yeye.

"Kunywa tu, ndugu yangu. Haya ni ya nyumbani."

Niliangalia ule mkono wake, umetulia. Wakuu, wivu ulionipata hapo ulipita ule wa kwanza.

Mnaoyeyusha betri, msidanganyike na maziwa. Vaeni glavu na barakoa, naweni kabla ya kula, na mkapime damu mapema.

Kuna aliyewahi kupona mkono hivi? Na lingine: Ekai hajui nani alimfukuzisha kazi. Kesho anakuja tena kuninywesha. Nimwambie kabla au baada ya kikombe?