Vidole Kwenye Kikonyo cha Asumini

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Picha ninayo, na shangazi yangu yu hai kule Mwera. Asiyeamini aende akamuulize.

Kazi yangu ni kupiga picha za maua kwa karibu sana, mpaka ua moja la asumini linajaza picha nzima. Situmii taa wala kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera. Kamera mkononi, mwanga wa jua, basi. Ukitaka kujifunza usiogope, utaweza. Unapiga goti, unabana viwiko mbavuni, unatoa pumzi nusu, unaizuia, unabonyeza. Ukihema tu, ua linageuka ukungu. Na uende jua likichomoza, kabla upepo haujaamka.

Nyuma ya shamba la shangazi kuna mahame. Nyumba ilikwisha anguka, wenyewe hawakurudi, lakini asumini yao imebaki, imeufunika ukuta. Jioni moja nilimwambia shangazi kwamba kesho yake nitakwenda kuipiga picha.

"Ukifika pale, piga hodi," akasema.

"Nimpigie nani, shangazi? Mijusi?"

"Wewe piga tu. Hodi haina ushuru."

Nilicheka. Asubuhi nikapita palipokuwa mlango, kimya, nikapiga goti mbele ya ua lenye umande. Kaupepo kakaanza kulichezesha. Nalifuata huku, linakwenda kule. Ndipo vidole viwili vyenye hina vikaingia kutoka pembeni, vikakishika kikonyo. Ua likatulia tuli.

Nikajua ni shangazi. "Shikamoo," nikasema, jicho likiwa bado kwenye kamera. Hilo ndilo kosa letu wapiga picha: ua likitulia, hatuinui macho hata nyumba ikiungua.

Sikusikia marahaba. Nilisikia sauti ya mama mtu mzima, ya upole: "Zuia pumzi."

Nikazuia. Nikabonyeza.

"Bado."

Nikaendelea kuizuia, nikidhani anataka nipate picha nzuri zaidi. Ndipo nikaviangalia vile vidole. Umewahi kukiona kidole chako kwa lenzi ya namna hii? Kina mistari kama shamba lililopigwa matuta. Vile havikuwa na mstari hata mmoja. Vilikuwa laini kama jani la ua.

Nikataka kuvuta pumzi. Kifua kikakataa. Niamini, sikuwa nimeizuia mimi tena. Nikataka kuinua kichwa, shingo ikagoma. Masikio yakavuma, kingo za picha zikaanza kuwa nyeusi, katikati nikabaki na ua jeupe na vidole viwili.

"Bado kidogo," ikasema ile sauti, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Nyuma yangu, mbali, nikasikia sauti niliyoizoea tangu utotoni: "Hodi! Hodi, wenyewe!"

Shangazi yuko nyuma yangu. Basi vidole hivi vya mbele ni vya nani?

"Karibu," ikajibu sauti kando ya sikio langu. Vidole vikaachia. Kikonyo kikaruka, pumzi ikaniingia kwa kishindo, nikaanguka chali.

Shangazi alisimama pale palipokuwa mlango, sahani ya mihogo mkononi. Hakuwa na hina. "Mihogo imepoa nakungoja," akasema, kisha akaniona vizuri. "Ee! Midomo kama umekula zambarau! Ulipiga hodi?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya, omba radhi hapo hapo ulipokaa. Halafu twende."

Niliomba, kwa sauti iliyokatikakatika.

Ile picha ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Vidole havimo. Lakini kikonyo kimebonyea mahali pamoja, kama kilichobanwa.

Tangu siku hiyo siwezi kuzuia pumzi. Nikijaribu tu, nasikia "bado". Sasa napiga huku nahema, picha thelathini, nachagua moja. Nawe fanya hivyo, si aibu. Ukikuta ua kwenye mahame, piga hodi kabla ya kupiga goti. Na mkono ukija kukusaidia, toa jicho kwenye kamera umtazame mwenye mkono usoni. Picha iharibike, asumini itachanua tena kesho.

Mimi sikumtazama. Ndiyo maana mpaka leo, mgeni akinipa mkono, naugeuza kwanza nione kama vidole vyake vina mistari.