Gasketi Kwenye Birika la Wageni

Eti baba yangu alinunua kabureta mbovu? Wewe ulikuwepo? Maana juzi harusini nimewasikiliza mpaka wali ukanipoa, watu wanacheka eti lori la mzee liliuliwa na kabureta. Nimechoka kugombana, lakini hili siachii. Kabureta ilikuwa nzima. Mguu uliokuwa kwenye akseleta ni wangu mimi.

Sisi tuliokulia Kingsbury, huku ughaibuni, miaka ya tisini tunaukumbuka ule uwanja nyuma ya duka la Anko Harish. Harufu ya bajia imechanganyika na petroli, maboksi ya mchele, na lori la baba, la bluu, limezeeka kuliko sisi sote. Ndilo lililohamisha watu wetu. Leo mtu kapata fleti Tooting, kesho mwingine katoka hosteli, na sofa lazima lipite mlangoni hata kama mlango hautaki. Watoto wa siku hizi hata chipsi wanaletewa na mtu wa baiskeli. Sisi tulipandisha friji ngazini huku tunaimba.

Basi kabureta ya zamani ikafa, baba akanunua mpya, akaifunga. Lori likawaka! Ukikanyaga, linanguruma vizuri. Ukiachia tu, kimya. Akasafisha jeti, vile vitundu vya petroli, akapima floti, akabadili plagi. Wiki nzima hivyo, akitoka shifti ya usiku eapoti macho mekundu. "Kanyaga, Zuhura. Achia. Kanyaga tena." Mguu ukanifa ganzi.

Ijumaa Anko Harish akaja na chai yake mkononi. Kazaliwa Kisumu yule, Kiswahili kinamtoka bila breki.

"Fundi, mimi nakupenda, lakini mwenye uwanja amesema chuma isiyotembea itoke. Kesho mtu wa skrepa anakuja."

"Inatembea hii!"

"Inatembea wapi? Panya wamejenga ndani, wanalipa kodi. Rudisha hiyo kabureta, ni mbovu."

"Mbovu masikio yako, Harish. Sikiliza. Inavuta hewa mahali."

Mimi roho juu. Lori likienda, baba anabaki na ile kazi ya usiku ya eapoti tu, na nani atahamisha watu?

Mama akafika, katoka kusafisha maofisi, begani mfuko wenye ile chupa ya kupulizia vioo. Baba akamwangalia, akaiangalia chupa, akaichomoa. Akapulizia maji pale chini kabureta inapokalia. Maji yakaziba upenyo, injini ikatulia, kama mtoto kapewa ziwa. Maji yakakauka, ikaanza kukohoa tena.

"Ni gasketi, hiki kikaratasi cha kuziba chini ya kabureta," baba akasema. "Hewa inapita hapa."

Mama akauliza, "Umeweka ipi?"

"Ya zamani. Mbona ilikuwa bado nzuri."

"Na mpya iliyokuja na kabureta?"

"Nimeiweka."

"Umeiweka wapi, Baba Zuhura?"

Hakuna aliyehitaji jibu. Nyumba zetu zote zilikuwa na lile kabati la vioo. Sahani za wageni, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, taulo ambazo hazijawahi kuona maji. Sofa limevaa nailoni, ukikaa na kaptura linakubandua ngozi. Kitu kizuri hakiguswi, kinawekwa mpaka siku yake. Baba kaitia gasketi mpya ndani ya birika la wageni, eti akiba ya siku tutakaporudi nyumbani tulikotoka na lori letu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mgeni gani huyo wa kunywa chai ya gasketi?"

Nilikimbia kuileta, baba akaifunga usiku uleule. Jumamosi mtu wa skrepa alikuta uwanja mtupu. Sisi tuko njia ya Tooting, sofa la watu mgongoni, Anko Harish nyuma anapunga kikombe.

Sasa lori halipo tena, kutu ililimaliza baadaye sana. Baba yuko Hayes, magoti hayamtaki, na kila krismasi anasema mwakani tunarudi. Siku hizi gari likizima, kijana hata boneti hajui inafunguliwa wapi, anapiga simu, anakaa. Mimi injini nilizijulia kwenye mguu ule wenye ganzi. Na nachoka, sikufichi.

Wiki jana nilimpelekea baba dawa, nikalifungua lile birika. Gasketi ya zamani imo, kaifuta mafuta, kaifungia kwenye gazeti. Sahani bado zinang'aa. Miaka yote hii tunakula kwenye za plastiki.

Hao wageni wenyewe wanakuja lini?