Mkono wa Nadine

Jumapili ile kanisa lilikuwa limemwandalia Élisabeth kurudi kwenye Meza ya Bwana. Tangu mumewe Emile afariki, alikuwa anaketi benchi la nyuma pamoja na wengine waliowekwa chini ya nidhamu ya kanisa, akiutazama mkate ukipita mbele yake bila hamu, kama mtu atazamaye chakula cha wageni.

"Mama Shemasi, unatuhama leo," alinong'ona Dédé, aliyewekwa pale kwa sababu ya pombe. "Ukifika mbele, utusalimie wale watakatifu."

"Nyamaza, Dédé. Hata leo unanuka."

"Njo maana ninalinda benchi."

Zamani angecheka. Sasa kicheko kilifika hadi kifuani kikalala.

Alikuwa shemasi, kiongozi wa wanawake walioombea wagonjwa wa Kalemie. Miguu ya Emile ilipovimba, aliomba, akafunga, akaona dawa za hospitali zinakawia. Ndipo mchana mmoja akajifunika kitenge kichwani, akapanda mlimani kwa mganga. Mganga akamwambia anayemla mumewe kwa ulozi ni mwanamke wa damu yake. Emile alikuwa na dada mmoja tu, Nadine, aliyekaa nao uwanja mmoja na kuanika ndagaa mchanga mmoja na Élisabeth. Élisabeth aliporudi alilitaja jina hilo uani, majirani wakisikia. Jioni mawe yakagonga mlango wa Nadine. Akakimbilia Kabimba. Emile akafa vilevile, akazikwa bila dada yake kuitwa.

Kanisani Élisabeth aliungama kwamba alikwenda kwa mganga. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Nadine alirudi wakati wa kiangazi, akaanika samaki wake peke yake. Akina mama walimpita wakanunua mbele.

Sasa Pasta Mardochée alimwita. Kama ilivyo desturi, Élisabeth alisimama mbele, na waumini wakapita mmoja mmoja kumpa mkono wa kuume. Mikono migumu, mikono yenye mafuta ya mawese, mikono ya watu walioyarusha yale mawe. "Imekwisha, Mama." "Bwana amesahau, Mama." Aliipokea yote bila kuhisi chochote. Alikuwa anangoja mkono mmoja.

Mstari ukaisha. Nadine hakuinuka.

Pasta akaleta sahani. "Kamata, Mama Élisabeth."

Aliutazama mkate. Hakulia, machozi yalikuwa yamekwisha kitambo. Alimzunguka Pasta, akatembea hadi benchi la Nadine, akapiga magoti kwenye saruji.

"Wifi, ile neno nilisema uani ilikuwa uongo. Haukumuua Emile. Weye si mulozi. Ni miye nilikufukuza, na nikakunyima kumuzika kaka yako."

Vichwa vikageuka.

Nadine hakumtazama. "Sema tena," alisema. "Mama Pétronille kule mwisho hajasikia. Na yeye njo alikuwa anakataza batoto kupita kwangu."

Élisabeth akasimama, akageukia watu. Akayasema tena yote, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuongoza maombi. Mama Pétronille aliinamisha kichwa. Mtu fulani upande wa wanaume alijikohoza. Pasta Mardochée alibaki na sahani mkononi, naye pia akitazama chini, maana hata yeye hakuwa ameuliza.

Kisha Élisabeth akanyoosha mkono wake wa kuume.

Nadine aliutazama.

"Mukono bado, wifi," alisema polepole. "Ningekupa leo ningekudanganya. Usinisukume."

"Sikusukumi."

"Lakini kwenda ukule. Pasta anachoka kusimama."

Élisabeth akarudi, akachukua kipande, akakiweka mdomoni. Kilikuwa kikavu. Alikitafuna taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alisikia ladha ya chumvi.