Futi Mia Tano za Kaka

Kaka yangu alistaafu urubani wa jeshi akiwa na nguvu zake zote na hana pa kuzipeleka. Miezi ya mwanzo alikaa nyumbani kwake Mudhaibi, mji wa karibu na jangwa, akimfundisha mkewe namna ya kupanga friji. Kisha akanunua ndege.

Si ndege ya kusafiria. Ni ndege ya vita ya zamani, ya propela, viti viwili, iliyoundwa kabla sisi hatujazaliwa. Ilikuwa imelala kwenye ghala la mkulima huko Ulaya mpaka kuku wakataga ndani yake. Ilikuja kwa kontena, vipande vipande, na vipande vingine havikuja.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nina kibanda mji wa jirani, Ibra, kwenye soko la wanawake, nauza vitambaa, udi na ubani. Kila kitu nakihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Kaka amerusha ndege miaka yote hiyo lakini bei ya nyanya hawezi kuibishia, basi kila akitaka kipuri ananipa simu. "Zungumza naye weye, miye namwonea haya." Muuzaji wa ng'ambo ananiambia bomba la mafuta liko kama jipya. Namwuliza, jipya la mwaka gani? Ananyamaza, na hapo ndipo bei inapoanza kushuka.

Nilifurahia kazi ile. Ilinichukua muda kujiuliza kwa nini vipuri vyenyewe ni adimu hivyo. Ni adimu kwa sababu wenziwe ndege ile wengi wameshaanguka, na waliobaki wameshakatwa vyuma chakavu.

Mke wa kaka alijiuliza mapema kuliko mimi. Alinijia kibandani Jumatano moja, siku ya soko, akakaa juu ya mzigo wa vitambaa bila kuuliza bei ya chochote. Nikajua pana jambo.

"Wifi, kaka yako ataruka kwenye maonyesho ya ndege."

"Najua. Keshaniambia nilete halua."

"Kakwambia atapita chini kiasi gani?"

Hakuwa ameniambia. Wifi akainua mkono, akauweka mwingine juu yake. "Futi mia. Mtende mmoja juu ya mwingine, basi. Kisha anataka kuipindua, tumbo juu."

"Kaka anajua kazi yake."

"Anajua. Injini haimjui yeye." Alikuwa mke wa rubani kwa miaka mingi, hakuhitaji kufundishwa. "Ikizimika akiwa juu, ana nafasi ya kuchagua pa kutua. Ikizimika chini, hana cha kuchagua. Na kila nikimwuliza, jibu lake moja: hakuna hatari. Kama kasuku. Hofu yote nabakishiwa miye." Akanishika mkono. "Weye unajua kupatana. Nipatanie. Nataka futi mia tano, na asipinduke."

Nimeshapatana juu ya mbuzi, dhahabu, na mara moja juu ya mahari ya binti wa jirani. Juu ya urefu wa angani sikuwahi. Lakini nilijua kitu kimoja: nikianza na futi mia tano, kaka ataanza na mia moja, tutakutana katikati, na katikati si mahali alipotaka wifi. Ilibidi nitafute mlango mwingine.

Ijumaa nikenda Mudhaibi baada ya sala. Kaka alikuwa sebuleni na jirani yake, mzee mwenye ngamia kule Sinaw. Nikamwamkia mzee shikamoo, maana alikulia Unguja na anaipenda. Kaka akachukua dele, akanimiminia kahawa. Nikaipokea finjani, nikaiweka chini mbele yangu. Sikunywa.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Mgeni akiweka kahawa chini bila kuionja, amekuja na haja, na hatoionja mpaka haja yake ikubaliwe. Wanaume huwafanyia mashekhe, wakija kuomba suluhu au kuposa. Dada kumfanyia kaka yake, nyumbani, siku ya Ijumaa, ni vituko.

"Kunywa, inapoa," alisema kaka.

"Iache ipoe."

Mzee wa ngamia akaacha kutafuna tende. Kaka akanitazama, akaitazama finjani, akamtazama mzee.

"We mtoto, unanifanyia mambo ya mashekhe?"

"Mpe haja yake," alisema mzee. "Wallahi hata mimi sitoinywa yangu."

Nyuma ya mlango wa ndani niliona ncha ya kiatu cha wifi.

Mtu mwenye akili za sokoni angeuliza kwanza haja yenyewe ni nini. Lakini kaka amelelewa vizuri, na huo ndio udhaifu wake. Mbele ya mzee yule hakuweza kuuliza. Alivuta pumzi, akasema linalosemwa: "Kunywa kahawa yako. Haja yako umeipata."

Nikainywa. Ilikuwa imepoa, chungu, na sijapata kunywa kahawa nikiwa na mamlaka makubwa namna ile. Ningeweza kumwambia auze ndege. Ningeweza kumwambia asiruke tena maisha yake yote, na asingeweza kurudi nyuma. Niliiona hofu hiyo usoni mwake. Rangi ilimtoka.

"Futi mia tano," nikasema. "Na usipinduke."

Alicheka mpaka akafuta macho. Mzee akaniangalia kama mtu aliyeona ngamia akiuzwa kwa bei ya kuku.

Wifi alinikamata jikoni. "Duka zima mkononi mwako, umenunua kifungo!"

"Ndicho ulichonituma."

"Nilikutuma nikidhani hutopata zaidi!"

Nilikuwa nimemwona kaka karakanani, mikono imejaa grisi, akiimba. Mtu yule wa friji alikuwa hayupo tena. Kumnyang'anya ndege ingekuwa ushindi, na mimi napenda ushindi, lakini ningemrudishia wifi mume gani?

Maonyesho yalikuwa kwenye kiwanja cha changarawe, upande wa jangwani baada ya Sinaw. Kwenye hema la wanawake nilikaa na wifi na bibi mmoja wa Nizwa. Bibi alitwambia kwamba utotoni, wakati wa vita vya Jebel, mlima wa kwao, sauti za ndege kama ile ziliwakimbiza mapangoni. "Leo nimekuja kuitazama usoni," alisema. Kaka alipopita, bibi hakuziba masikio. Aliinuka akasimama.

Kaka alishika ahadi. Alipita juu, sawasawa, hakupinduka. Vijana nyuma yetu walilalamika: "Huyu anapeleka bibi harusi?" Nilitaka kuwajibu, lakini injini ikakohoa.

Mara moja. Kisha ikakohoa tena, ikanyamaza.

Ukimya wa ndege iliyo angani sikuujua kabla ya siku ile. Wifi hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayemwelekeza dereva: "Geuka. Geuka sasa." Ndege ikainamisha pua, ikageuka taratibu kuelekea kiwanja, ikishuka, ikishuka. Ikagusa changarawe kwa nguvu, ikaruka, ikagusa tena, ikasimama ndani ya vumbi lake. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Kaka akatoka kwa miguu yake.

Fundi alikuta bomba la mafuta limepasuka. Nililiangalia, nikalijua. Ni lile nililolipatania mwenyewe, kwa bei nzuri sana.

Tulirudi kwa gari moja, mimi naendesha, kaka pembeni yangu, wifi nyuma. Tulipita Sinaw. Kisha wifi akauliza, "Ungekuwa futi mia?"

Nilimjua kaka. Nilikwishalisikia jibu kabla hajafungua mdomo. Lakini safari hii jibu la kasuku halikuja.

"Nisingeweza kugeuka," alisema. "Mbele yangu palikuwa na magari na watu. Nisingekuwa na pa kwenda." Akasugua mapaja kwa viganja. "Kila nikiipasha moto injini, huogopa. Tangu siku ya kwanza."

Nilitazama kwenye kioo. Nilidhani wifi atalia, au atamwambia auze. Alikuwa ameegemea kiti, amefumba macho, na mabega yake, ambayo siku zote huyabeba juu, yalikuwa yameshuka.

"Ungeniambia tangu hapo," alisema, "tungeogopa wawili."

Kaka akanyoosha mkono nyuma ya kiti bila kugeuka. Wifi akaushika. Mimi nikapunguza mwendo, ingawa njia ilikuwa wazi.