Kisanduku kilichongojea saa kumi na nne

Butembo, Jumanne ya kwanza ya Oktoba. Mvua ndogo ya baridi imenyesha tangu alfajiri, na barabara ya Beni ni tope tupu. Habari imefika kwa phonie, ile redio ya kuitana ya parokia: fundi wetu wa maredio amefariki kule Mulekera, Beni, kifua kimemmaliza. Wasomaji wa ukurasa huu mnajua sikusoma sana, na huenda nikaeleza vibaya. Lakini leo nina hasira. Naambiwa kwenye kilio walimsifu kwa uvumilivu. Uvumilivu gani? Mtu amevunjwa, akanyamaza, nasi tunaita uvumilivu.

Mtakumbuka kisanduku chake. Dispensaire yetu ilikuwa na frigo ya petroli, friji inayoendeshwa na moto wa mafuta ya taa, ya kutunza chanjo za surua, na moto wake wa chini ulizimika ovyo. Fundi akaunganisha vipande alivyoagiza Kampala, akaweka ndani ya frigo sonde ya kupima baridi, akavuta waya hadi kwenye kengele nyumbani kwa mama infirmière, muuguzi wetu. Kila robo saa kisanduku kilipima. Joto likipanda, kengele inalia. Kilikula umeme wa groupe, yaani jenereta. Groupe ikizimwa magharibi, nacho kinalala, kesho kinaanza kuhesabu upya. Hakikukosea hata mara moja. Kisha tukapata panneau ya jua na betri, kikawa macho usiku na mchana, na sisi tukaacha kufungua frigo kutazama wenyewe. Baada ya muda moto ulizimika, kengele ikakaa kimya, chanjo zote zikaharibika. Akina mama walikuwa wameshuka na watoto mgongoni, kutoka vijiji ambako surua ilikuwa inaua. Wakarudishwa.

Nilikuwa katika comité de santé, kamati ya afya, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe. Commandant aliyetawala mtaa wetu wakati huo alikuja mkutanoni akauliza nani ameharibu chanjo. Wenzetu walikuwa wamemnong'oneza fundi aseme panya wamekata waya. Yeye akasimama.

— Kosa ni yangu, chef. Saa ya ndani ya kisanduku inahesabu mpaka inajaa, halafu inarudia ku zéro. Sawa saa ya mukono: kisha kumi na mbili, inakuya moja. Mimi niliiambia, ukipima, ongeza robo saa, ungojee saa ile ifike. Ilipokaribia kujaa, ikaongeza, ni kama ikapata saa kumi na ine. Ikangojea. Saa kumi na ine haiko! Zamani groupe ilikuwa inazimika kila mangaribi, haikupata wakati ya kujaa.

— Na ulipashwa kufanya nini?

— Kuhesabu muda wenye umepita. Mutoto akitoka saa kumi na moja, akarudia saa mbili, hatusemi alirudia mbele ya kutoka. Tunasema alikawia saa tatu. Ile hesabu ndio nilisahau. Munipe siku mbili, nitaitengeneza.

— Unanidanganya, wewe! Saa kumi na ine, quatorze heures, iko!

— Na vingt-cinq heures, mon commandant, nayo iko?

Watu wakacheka, maana saa za Kifaransa zinaishia ishirini na nne. Nyuma yangu mama mmoja akasema chini chini, «Yesu wangu, huyu mutu anajitafutia.»

Nataka kuwa wa haki. Commandant mwenyewe alikuwa na mtoto aliyengojea chanjo hiyo hiyo, hasira yake ilikuwa na mzizi. Na fundi angeweza kuumeza ule mzaha. Lakini kutoka hapo likatamkwa neno «sabotage», hujuma, na fimbo zikapigwa, wapi? Kwenye vidole. Vidole vya fundi wa redio! Nilinyoosha mkono nikaambiwa kaa. Akahamia Beni, akauza makala, yaani mkaa, maana hakuweza tena kushika fer à souder, chuma cha kulehemu. Kisanduku kiko stoo mpaka leo na kosa lake ndani.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sisi tulimvunja mkono ambao ungezuia lisirudiwe. Na tangu siku ile, wasomaji, kwenye dispensaire yetu hakuna mtu amekosea tena. Hakuna! Moto ukizimika, ni panya. Dawa ikipungua, ni vita. Mtoto akifa, ni Mungu. Wote wamejifunza somo. Labda siielewi siasa, lakini naona hivi: mahali ambapo anayesema «nimekosa» anapigwa, watu watakaa kimya kama kile kisanduku, wakingojea saa isiyokuja, na ndani ya frigo mambo yanaoza.

Jioni mke wangu aliweka sahani mezani, akasimama, hakuketi.

— Baba, nimekosa. Munyu nimetia mara mbili.

Nilimwambia, «Asante kwa kusema. Ikala, tukule.» Tulikula viazi na maharage, chumvi nyingi, tukayamaliza yote.