Mchezo wa Kati Uliochezwa Kimya

Nilivuka mpaka pale Sirari asubuhi moja ya baridi, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na begi la nguo na gunia la mipira. Kanisa letu kule Njombe lilikuwa na urafiki na kanisa dogo la upande wa Sotik, nao walikuwa wameomba mtu wa kujitolea kwa mwaka mmoja, awafundishe watoto wa shule ya msingi kwa njia ya michezo. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na bado sijapangiwa kituo. Mama aliniambia niende tu, kwa kuwa nako ni nchi ya chai, sitaona ugeni.

Ugeni niliuona. Chai ilikuwa ileile, lakini nilipomwamkia mzee wa kanisa “Shikamoo,” alinitazama kwa upole akajibu, “Ndiyo, mzuri sana.” Watoto walicheka Kiswahili changu, wakisema ninaongea kama redio. Mimi nami sikuelewa nusu ya chao, kilichochanganyika Kipsigis na Kiingereza. Aliyenisaidia ni mwalimu wa darasa la nne, mama wa makamo aliyezaliwa palepale, ambaye alinipa chumba nyumbani kwake na kunitafsiria kila nilipokwama.

Shule ilikuwa juu ya mteremko, kando ya barabara ya kwenda Ndanai. Uwanja uliinama kiasi kwamba mpira ukikushinda mikononi uliteremka wenyewe hadi kwenye ua wa nyumba ya jirani. Hapo ndipo nilipofundishia. Tulichora ramani kwa majivu na watoto wakairuka kutoka mto hadi mto. Tuliandika herufi za Kiingereza chini, wakaendeleza maneno kwa miguu. Lakini mchezo waliopenda kuliko yote ni kati, ule ambao kwetu tunauita rede: wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, na aliye katikati anaukwepa. Kila akikwepa, wenzake wanahesabu. Nikawaambia wahesabu kwa saba, halafu kwa nane, mpaka hesabu za kuzidisha ziwe kama wimbo.

Aliyeongoza wimbo huo alikuwa binti mmoja wa darasa la nne. Hakuwa hodari wa kukwepa. Alipigwa na mpira mapema karibu kila siku. Lakini alikuwa na sauti. Akishatoka alisimama pembeni, mikono kiunoni, akapaza, “Saba! Kumi na nne!” na wengine wote wakamfuata. Nyumba yao ndiyo ile ya jirani, chini ya uwanja. Mama yake alikuwa akichuma chai yake mwenyewe, na mara nyingine niliona kofia yake ikisimama kati ya michai, akisikiliza.

Mvua za masika zilipoisha, homa ikaingia. Watu wa milimani hawakuwa wameizoea maleria kama watu wa bondeni, na ilipowafikia iliwakuta hawana kinga. Madawati yalianza kubaki wazi. Watoto walilala vichwa juu ya mikono, tukawabeba hadi zahanati, ambako foleni ilitoka nje hadi barabarani. Wengi walipona. Wengine hawakurudi.

Yule binti aliugua Ijumaa. Jumatatu mwalimu mwenzangu, yule mwenyeji wangu, aliingia ofisini akaketi bila kuvua koti lake lililolowa.

“Ameenda,” alisema.

“Hospitali?”

Akatikisa kichwa.

Alizikwa nyumbani kwao, chini ya uwanja. Watoto wa darasa lake walisimama kwa mistari wakaimba nyimbo za kanisa, na hakuna aliyepaza sauti kuzidi mwenzake. Baba yake aliwashukuru watu wote.

Mwalimu mkuu alisimamisha michezo kwa muda, kisha akaniambia tuendelee, kwa sababu watoto walikuwa wamezubaa na masomo hayaingii. Tulianza na kati. Mwanzoni walihesabu kwa woga, halafu mchezo ukawachukua kama unavyowachukua watoto, zikapanda zile kelele za zamani. Ndipo mpira ulipoponyoka, ukateremka, ukapita chini ya ua. Mama wa yule binti alitoka, akauinua, akauangalia. Kisha akaingia nao ndani na kufunga mlango.

Tulingoja. Hakutoka.

Jioni nilikwenda na mwalimu mwenzangu. Mama alikuwa akikamua ng'ombe, akatukaribisha kwa heshima bila kuinuka. Tulizungumza habari za mvua na za kituo cha kupimia majani chai, mpaka mwenzangu akamgusia mpira kwa Kipsigis. Yule mama akageuka kwangu, akasema kwa Kiswahili ili nisikie mwenyewe.

“Mwalimu, si mpira. Mpira ni kitu gani? Ni ile sauti. Nikiwa hapa nakamua, nasikia wanahesabu. Nangojea yake. Wanahesabu, mimi nangojea yake.”

Nilimwambia, “Pole, mama. Hatutapiga kelele tena.” Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukamua. Hatukuuomba tena mpira.

Kesho yake niliwaambia watoto kwamba tutafanya mazoezi ya viungo upande wa pili wa madarasa. Hawakulalamika. Lakini wakati wa mapumziko nilichungulia dirishani nikaona kitu ambacho sikuwafundisha. Walikuwa uwanjani, wamesuka mpira wa makaratasi na kamba, wanacheza kati kimya kabisa. Walihesabu kwa vidole, mikono juu hewani. Aliyepigwa alitoka bila neno. Mmoja alipojisahau akacheka, msichana aliyekuwa karibu naye alimziba mdomo kwa kiganja. Darasa zima liliruka na kukimbia, na kilichosikika ni nyayo tu kwenye nyasi.

Nilitaka kuwazuia, nikashindwa kujua ninazuia nini. Mwalimu mwenzangu alisimama kando yangu, akatazama, akatoka kwenda kuketi peke yake ofisini.

Walicheza hivyo siku kadhaa. Mchana mmoja yule mama alikuwa akirudi kutoka kupeleka majani, kikapu kitupu mgongoni, akapita barabara ya juu. Aliwaona. Akasimama. Watoto walipomwona nao wakasimama, mikono bado hewani na vidole vimenyooka. Akawatazama, kisha akateremka kwenda kwake.

Kesho yake alikuja shuleni. Alikuwa ameuosha ule mpira. Ulikuwa safi kuliko siku nilipouleta. Hakunipa mimi. Alikwenda katikati ya uwanja akampa yule msichana aliyemziba mwenzake mdomo.

“Kwa nini mnacheza kama watu wa matanga?” aliuliza.

Yule msichana aliukumbatia mpira.

“Mimi nilisema kelele inaniumiza. Ni kweli. Lakini hii kimya ni mbaya zaidi. Nikisikia kimya, nafikiri nyinyi wote mmekufa.” Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa matamshi ya kwao, “Pikeni kelele. Pikeni tu.”

Siku nyingine wangelicheka neno hilo. Hawakucheka. Wawili wakachukua nafasi zao, mmoja akaingia kati. Mpira ulirushwa, akaukwepa, na pakawa kimya. Ukarushwa tena. Kisha sauti moja nyembamba ikasema, “Kumi na nne,” na nyingine ikaifuata, na nyingine, mpaka uwanja mzima ukawa unahesabu. Yule mama alisimama akisikiliza. Walipofika sitini na tatu alijifunika uso kwa leso akaanza kuteremka. Watoto wakanyamaza. Mwalimu mwenzangu akawapungia mkono kwa nguvu, akiwaambia kwa Kipsigis waendelee, huku yeye mwenyewe akimkimbilia yule mama. Nikawaona wawili hao wakiteremka pamoja, mmoja amemshika mwenzake kiwiko.

Hakuja tena uwanjani mwaka ule. Sitaki kusema kwamba alipona. Sijui kama mtu hupona. Lakini tulipokutana njiani alisimama kunisalimu, na mara mbili tatu alinitumia maziwa ya mursik, yaliyogandishwa kibuyuni, ambayo nilijifunza kuyanywa taratibu, pamoja na ladha yake ya mkaa.

Wiki ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Tuliketi nje, yeye akichambua maharagwe. Aliuliza safari ni ya muda gani, na kama mama yangu yuko hai. Kisha akauliza, bila kuinua macho, “Na kwenu, watoto wanakufa na homa?”

Katika mwaka mzima sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale. Nikamwambia kwamba mdogo wangu wa kiume alikufa nayo, tulipokuwa tukikaa bondeni kwa bibi, nami nikiwa na umri wa darasa la nne.

Aliweka ungo chini. “Pole sana, mwalimu,” alisema, kama vile habari imetokea jana. Akauliza mdogo wangu alikuwa mtoto wa namna gani. Nikaanza kumweleza.