Mkono wa Kushoto wa Jirani

Wendell na jirani yake hujitengenezea risasi za bastola, kila mmoja gerejini kwake. Kidole gumba cha Wendell kimeota sugu kwa kupachika vichwa vya risasi kimoja kimoja juu ya maganda. Jirani amenunua mashine inayovidondosha yenyewe. Mkono wake wa kulia unavuta wenzo, wa kushoto umeshika sandwichi.

"Huna haya, bwana," alisema Wendell alipoingia gerejini kwa jirani. "Na kachumbari umetia!"

"Karibu."

Wendell akaona kichwa kimoja kikiteremka kwenye bomba la mashine kikiwa juu chini. Akangoja kwa furaha mashine ikwame.

Jirani akausimamisha wenzo katikati. Hakuwa ameinua macho. "Kimoja kimepinduka."

"Umejuaje?"

"Kimelia tofauti," akajibu, akitafuna.

Wendell alikuwa amekuja kuuliza bei ya mashine. Akaondoka akilionea wivu sikio la jirani.